Mbivu na Mbichi: Kisa cha Jaribio la Subira Katika Darasa la Awali

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule binafsi ya msingi kwenye mwambao wa Tanzania, ambako nilikuwa nikifika siku mbili kwa wiki kufanya kazi ya unasihi. Nimeondoa jina la shule, mji, mwaka na kila alama ambayo ingeweza kumtambulisha mtoto au mtu mzima. Mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa waliisoma rasimu, bibi wa mtoto akasomewa, na wote waliniruhusu kuitumia. Ninawaandikia walimu wenzangu, walezi, na yeyote aliyewahi kukutana na habari ya utafiti wa saikolojia gazetini au redioni akatamani kuijaribu kwa watoto alionao.

Mazingira

Darasa la awali lilikuwa na watoto 31, wengi wao wa miaka mitano. Mwalimu wa darasa alikuwa mgeni, bado yuko katika kipindi cha matazamio. Watoto walitoka katika nyumba za kila namna: wapo walioletwa na magari ya wazazi, wapo waliopakiwa sita kwenye bajaji moja, na wapo waliokuja kwa miguu wameshikwa mkono na dada zao.

Mwanzoni mwa muhula mwalimu mkuu aliwatangazia watoto mstarini kwamba Jumatatu inayofuata wangepata bembea. Hakuwa anadanganya, fundi alikwisha kupewa malipo ya awali. Jumatatu ikafika, bembea haikufika. Ya pili vilevile. Hadi jaribio linafanyika ilikuwa wiki ya sita, na hakuna mtu mzima aliyewaambia watoto kilichotokea. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wakati ule sisi sote tulilipita bila kuliona.

Habari ilivyoingia shuleni

Ilikuwa makala ya nusu ukurasa gazetini. Ilisimulia jaribio mashuhuri la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: mtoto wa miaka minne au mitano anawekewa mbele yake peremende moja laini, anaambiwa anaweza kuila sasa, lakini akingoja mtu mzima arudi atapata mbili. Makala ikadai kwamba waliongoja walikuja kufaulu zaidi shuleni na maishani, na waliokula upesi wakaachwa nyuma. Ikamalizia kwa kuwaambia wazazi kwamba dakika 15 zinatosha kuujua mustakabali wa mtoto.

Mwalimu mkuu aliukata ukurasa ule akaubandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu. Habari ile ilikutana na jambo analoliamini tangu zamani. Kwenye ukuta wa shule, kwa rangi ya bluu, pameandikwa "Mvumilivu hula mbivu." Na nia yake ilikuwa njema: kila mwaka walimu wa darasa la kwanza hulalamika kuhusu watoto wasiotulia, naye alitaka kuwajua mapema wasaidiwe kabla hawajapanda darasa.

Alipotoa wazo la kufanya jaribio hilo pale shuleni, nilikuwemo kikaoni. Nilinyamaza. Chuoni niliwahi kulisikia jaribio hilo katika mhadhara mmoja, na makala ilitaja chuo cha kweli na mtafiti wa kweli, marehemu Walter Mischel. Nikajiambia kwamba kashata haiwezi kumdhuru mtoto. Ukimya ule ulikuwa uamuzi wangu wa kwanza katika kisa hiki, na ulihesabiwa kuwa idhini ya mtu wa unasihi.

Siku mbili za kashata

Jaribio lilifanyika ofisi ya taaluma, Alhamisi na Ijumaa. Mtoto aliingia peke yake, akakaa mezani, akawekewa kashata moja ya karanga kwenye kisahani. Mwalimu wa darasa alimwambia: "Ukiningoja nirudi, nitakupa mbili. Ukila hii, basi ni hiyo moja." Kisha alitoka, akahesabu muda kwa simu.

Walianza na dakika 15 kama gazeti lilivyosema. Hesabu ilikataa mara moja, kwani watoto 31 kwa dakika 15 ni karibu saa nane za kazi. Wakashusha hadi dakika kumi, na Ijumaa mchana, gari la watoto likisubiri nje, wakashusha hadi tano. Baadhi ya watoto waliingia kabla ya chai ya saa nne, wengine baada ya kunywa. Waliotoka waliwasimulia waliokuwa foleni. Mtoto mmoja alilia mlango ulipofungwa, akala kashata huku analia.

Waliongoja walikuwa 12. Waliokula walikuwa 19.

Majina yaliandikwa katika kaunta buku, safu mbili. Wiki iliyofuata wale 12 walihamishiwa mbele ili "wawe mfano", na mwalimu mkuu, akikumbuka maandishi ya ukutani, akawaita kundi la mbivu. Kundi la pili hakulipa jina. Watoto hawakuhitaji msaada katika hilo. Kinyume cha mbivu kila mtoto wa pwani anakijua. Kufikia Jumatano mapumziko yalikuwa na vita vya mbivu na mbichi, na watoto 19 wa miaka mitano walikuwa wamejifunza jina lao jipya.

Bibi anakuja shuleni

Siku chache baada ya hapo, bibi wa mmoja wa wale 19 alifika. Ni mama mtu mzima anayechoma vitumbua alfajiri na kulea wajukuu watano. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu," akakaa, akasema mjukuu wake hataki shule. Akiulizwa sababu anajibu, "Mimi ni mbichi."

Nilimweleza jaribio lilivyofanyika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika siku hiyohiyo: "Mwalimu, nyumbani kwangu kuna watoto watano. Ukikiacha kitumbua sahanini ukaenda kunawa, ukirudi hukikuti. Mtoto wangu hakukosa subira. Usiache mbachao kwa msala upitao, hivyo ndivyo tunavyoishi." Akaongeza kwamba Ramadhani iliyopita mjukuu huyo alijaribu kufunga hadi adhuhuri pamoja na kaka zake, na siku tatu alifaulu bila kulazimishwa.

Kesho yake nilikaa na mtoto tukachora. Sikumuuliza kuhusu ubichi. Baada ya muda nilimuuliza alivyokula kashata alifikiri nini. Aliendelea kupaka rangi, kisha akasema, "Bembea haijaja." Hakuongeza neno, nami kwa dakika kadhaa sikumwelewa.

Uamuzi wangu wa pili, uliozidisha tatizo

Usiku ule niliingia mtandaoni na kukuta habari nyingine, iliyotangaza kwamba jaribio lile maarufu limebomolewa na utafiti mpya. Nilisoma kichwa cha habari na aya tatu za mwanzo. Asubuhi, mbele ya walimu wote, nilimwambia mwalimu mkuu kwamba utafiti alioufuata umekufa, hauna thamani, na orodha ile ifutwe.

Aliniuliza swali moja: "Umeusoma?"

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimesoma habari zake, sikuwa nimeusoma wenyewe. Yeye si mtu wa kuachia jambo. Siku chache baadaye alikuja na muhtasari wa utafiti huohuo mpya, ambamo watafiti wanasema waziwazi kwamba uhusiano kati ya kungoja na ufaulu wa baadaye walikuta bado upo, ila ni mdogo. "Na wewe umenisomea gazeti," aliniambia. Alikuwa na haki. Orodha ilibaki, viti vikabaki, na kwa wiki mbili zaidi yule mtoto na wenzake 18 waliendelea kuhesabiwa mbichi kwa sababu nilitaka kushinda hoja kabla ya kuielewa.

Tuliposoma utafiti wenyewe

Nilirudi kwake, nikakiri kwamba sikusoma, nikamwomba tusome pamoja. Tulitumia alasiri tatu. Rafiki anayefundisha chuo kikuu alitupatia makala kamili. Naeleza kwa urefu tulichokikuta, maana hapa ndipo kisa kilipogeukia.

La kwanza: jaribio la asili halikubuniwa kuwapanga watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mischel na wenzake, katika shule ya chekechea ya Bing iliyoko ndani ya Stanford, walikuwa wakiuliza ni kitu gani kinamsaidia mtoto kungoja. Katika utafiti wa 1970 aliofanya na Ebbe Ebbesen, watoto walioachwa na vyakula vyote viwili mbele ya macho yao walingoja kwa wastani wa kama dakika moja. Vyakula vilipoondolewa machoni, wastani ulipanda kupita dakika 11. Watoto walikuwa wa shule ileile na umri uleule. Kilichotofautiana ni kama chakula kinaonekana au hakionekani. Mwalimu mkuu alisoma sentensi hiyo mara mbili, akasema, "Basi sisi tuliwapima kisahani."

La pili ni hadithi ya mustakabali. Ilitokana na ufuatiliaji uliokuja baadaye, na maarufu zaidi ni makala ya Shoda, Mischel na Peake ya 1990. Watoto zaidi ya 600 walikuwa wamepitia majaribio ya Bing kati ya 1968 na 1974, katika hali mbalimbali. Ni wazazi wa 185 tu waliojibu maswali ya ufuatiliaji, na alama za mtihani wa kuingilia vyuo zikapatikana za vijana 94. Katika ile hali moja iliyotoa uhusiano mkubwa, ambamo chakula kiliachwa wazi na mtoto hakufundishwa mbinu yoyote, waliokuwa na alama walikuwa 35. Vijana 35, pungufu ya darasa moja la shule zetu, na wote walitoka chekechea ya chuo kikuu tajiri ambako wazazi wengi walikuwa wahadhiri na wanafunzi wa hapo. Waandishi wenyewe walionya kwamba kwa udogo wa kundi lile, uhusiano ungeweza kuonekana mkubwa kuliko ulivyo. Onyo hilo halikuingia katika nusu ukurasa wa gazeti letu.

La tatu ni utafiti niliouita kifo. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walitumia kumbukumbu za watoto zaidi ya 900 wa Marekani, na uchambuzi wao mkuu ukawalenga wale ambao mama zao hawakuwa na shahada. Kungoja kulikuwa na mwisho wa dakika saba. Uhusiano na ufaulu wa umri wa miaka 15 ulikuwa kama nusu ya ule wa zamani, na ulipopimwa pamoja na hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa mapema, ukapungua kwa theluthi mbili. Na sehemu kubwa ya uhusiano huo ilitokana na kuweza kungoja sekunde 20 za mwanzo, dakika zilizofuata ziliongeza kidogo sana. Kwa hiyo gazeti la mwalimu mkuu lilizidisha, na habari yangu ya mtandaoni nayo ilizidisha, kila moja ikielekea upande wake. Tulikuwa wawili tuliopigana kwa panga za karatasi.

La nne lilitunyamazisha. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya jaribio la peremende, kila mtoto alipewa kazi ya kuchora na kuahidiwa vifaa bora zaidi akisubiri. Kwa nusu ya watoto, mtu mzima alirudi na vifaa alivyoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba havipo. Ndipo peremende ikaletwa. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 na sekunde mbili, waliovunjiwa dakika tatu na sekunde mbili. Kati ya 14 waliotimiziwa, tisa walingoja robo saa nzima. Kati ya 14 waliovunjiwa, mmoja.

Nilipomaliza kusoma takwimu hizo kwa sauti, nilimweleza alichoniambia yule mtoto tukichora. Mwalimu mkuu aliinuka akaenda dirishani. Kutoka dirisha lile unaiona sehemu ya uwanja iliyosafishwa kwa ajili ya bembea.

La tano nililitafuta mimi, kwa sababu ya maneno ya bibi kuhusu Ramadhani. Bettina Lamm na wenzake walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa familia za wakulima wa Wanso, kaskazini-magharibi mwa Kamerun. Wajerumani waliwekewa peremende ya kijiti au chokoleti. Wanso waliwekewa puff-puff, andazi dogo la mviringo, ndugu wa kalimati zetu. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Wanso walingoja hadi mwisho, wengi wametulia tuli, wachache wakasinzia kitini. Kwa Wajerumani ilikuwa chini ya asilimia 30. Na mwaka 2022 Kaichi Yanaoka na wenzake waliripoti kwamba watoto wa Japani, waliozoea kungoja wote waanze kula pamoja, walingoja chakula muda mrefu kuliko wa Marekani. Zawadi iliyofungwa ilipowekwa badala ya chakula, wa Marekani ndio waliongoja zaidi. Mtoto hungoja vizuri pale ambapo nyumba yake imemzoesha kungoja. Mtoto anayefunga hadi adhuhuri akiwa na kaka zake, kisha anakula kashata peke yake katika ofisi asiyoizoea, hana mgongano wowote ndani yake.

Tuliyoamua baada ya hapo

Mwalimu mkuu aliamua kufuta safu mbili. Alitaka kuuchana ukurasa ule, nikamwomba asiuchane, kwa sababu ripoti mbili za maendeleo zilikwisha kutoka zikiwa na maneno "hana uvumilivu", na tungehitaji kujua zimetoka wapi. Maneno hayo yalikatwa kwa kalamu, yakatiwa saini, na nakala mpya zikapelekwa kwa wazazi.

Watoto walikalishwa upya kwa kuchanganywa. Hatukuwapa hotuba kuhusu mbivu na mbichi, tukihofia kuyatia maneno yale uhai zaidi. Bado sina hakika kama tulifanya sawa, kwani ukimya ulitugharimu mwanzoni, na huenda hapa pia watoto walihitaji kusikia mtu mzima akisema jina lile si lao.

Kuhusu bembea aliamua kusema. Alisimama mstarini, akawaambia watoto kwamba aliahidi, fundi hakuleta, na yeye alikosea kukaa kimya. Kisha, kwa kuwa fedha za bembea ya chuma hazikuwepo tena, alitafuta tairi kuukuu na kamba ya katani, akaifunga kwenye mwembe ulio nyuma ya madarasa. Ilichukua mchana mmoja. Hakuitangaza mpaka ilipokuwa imekwisha kuning'inia.

Kwa darasani nilipendekeza tulichokiona katika utafiti wa 1970, na hapo tulikuwa na kifaa ambacho kila nyumba ya pwani inakijua: kawa la kufunikia chakula. Mwalimu wa darasa alileta makawa mawili ya ukindu. Vitafunwa vya saa nne vikawa vinawekwa mezani vimefunikwa wakati watoto wananawa mikono na kuimba wimbo mmoja. Kuimba kulikuwa wazo lake, si langu. Wimbo ukiisha, kawa linafunuliwa, kila mara, bila kukosa siku hata moja. Sharti la mwisho ndilo tulilolisisitiza zaidi. Ikiwa vitafunwa havijafika, kawa haliwekwi.

Wazazi waliitwa. Waliokuja walielezwa kilichofanyika, pamoja na kwamba hawakuombwa ridhaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na mwalimu mkuu aliisoma sehemu hiyo mbele yao bila kuombwa.

Matokeo

Yule mtoto alirudi shuleni wiki ileile tuliyobadilisha viti. Utani wa mbivu na mbichi ulipungua lakini haukuisha; hadi muhula unafungwa niliwasikia watoto wawili wakiitana hivyo wakigombea rangi. Familia moja ilimhamisha mtoto, na mama yake alisema sababu ilikuwa ile ripoti. Nakala mpya haikumrudisha.

Mchezo wa kawa ulidumu. Kugombea chakula kulipungua, mwalimu wa darasa asema, lakini hatukuwa na kipimo cha kabla na baada, na watoto nao walikuwa wanakua. Kwenye tairi la mwembe hujipanga foleni ndefu kila mapumziko, wakiwemo wengi wa wale 19. Nilifurahi sana kuiona foleni ile, lakini sikuiandika kama ushahidi wa chochote. Tulikwisha kuona kinachotokea mtu mzima akitazama watoto waliopanga mstari na kuamua yeye ameona mustakabali wao.

Mwalimu mkuu hajaacha kuamini kwamba subira ni mali, nami sikumtaka aache. Habari ya utafiti ikija ofisini sasa huuliza: watoto wangapi, wa wapi, nani aliwaahidi nini.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kosa kubwa la shule lilikuwa kugeuza wastani wa kundi kuwa hukumu ya mtoto mmoja. Hata kama uhusiano wa 1990 ungekuwa imara kuliko wote, ungesema jambo kuhusu makundi. Usingesema lolote la hakika kuhusu mtoto aliyeketi mbele yako Ijumaa saa sita akiwa na njaa. Habari za saikolojia huliruka pengo hili karibu kila siku, maana sentensi "watoto waliongoja walikuwa na wastani wa juu kiasi" haivuti macho kama "mtoto anayengoja atafaulu". Mwandishi wa habari ana nusu ukurasa. Sisi tuna mwaka mzima na watoto hao, kwa hiyo kazi ya kujaza pengo ni yetu.

Kosa la pili ni la kipimo chenyewe. Dakika 15, kisha kumi, kisha tano, wenye njaa na walioshiba, foleni inayosimuliana. Hata mtu anayeliamini jaribio la Stanford kwa moyo wote hakuwa na sababu ya kuyaamini matokeo yale. Tulichukua jina la utafiti tukaacha utaratibu wake, na jina ndilo lililobeba uzito kwenye ripoti za wazazi.

Kosa langu ninalihesabu kuwa zito kuliko yote mawili, kwa sababu nilikuwa na kazi moja tu pale, kuwasimamia watoto. Nilinyamaza nilipotakiwa kuuliza, kisha nikapaza sauti kabla ya kusoma. Kujibu habari kwa habari kulinifanya nionekane mshabiki wa timu nyingine, na mwalimu mkuu akawa na sababu halali ya kutonisikiliza. Kilichofungua mlango ni kukiri na kukaa meza moja. Alisoma kwa makini kuliko mimi, na mbili kati ya hoja nilizozieleza hapo juu ni zake.

Kilichofaa kingine ni maneno ya bibi. Alikuwa amekwisha kusema katika sentensi chache kile ambacho Kidd na wenzake walikionyesha kwa jaribio. Lugha yetu ina "Mvumilivu hula mbivu," na ina "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na ina "Ahadi ni deni." Wazee hawakuziweka zote kwa kukosa msimamo. Walijua kwamba kungoja ni busara pale aliyeahidi ni mkweli. Shule ilikuwa imepaka rangi methali moja ukutani na kuziacha nyingine nje ya geti.

Kuna mtu ambaye sikumuuliza lolote mpaka mwisho kabisa: mwalimu wa darasa. Ndiye aliyeweka kashata, akahesabu muda, akaandika majina. Akiwa katika kipindi cha matazamio hakuthubutu kumpinga mwalimu mkuu, nami sikumtafuta pembeni. Nilipoichukua kaunta buku ili kuihifadhi, niliona kwamba ukingoni, kwa penseli nyepesi, alikuwa ameandika jambo mbele ya karibu kila jina. *Hajanywa chai. Aliogopa mlango. Aliniuliza kama kweli nitarudi. Mdogo wake anaumwa. Aliigawa nusu ampelekee dada yake.* Huyo wa mwisho alikuwa katika safu ya waliokula. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesoma penseli ile. Nilinakili kila neno katika majalada ya unasihi ya watoto 31, na mwalimu wa darasa alikaa nami akinisaidia kusoma palipofifia.